Kuikalia au Kuilenga: Mabishano juu ya Katikati ya Ubao wa Sataranji

Katika ubao wa sataranji wenye miraba 64, hakuna sehemu iliyobishaniwa na mabingwa na waandishi wa mchezo huo kama miraba minne iliyo katikati kabisa, ambayo kwa alama za kimataifa hujulikana kuwa d4, e4, d5 na e5. Alama hizo hufuata utaratibu rahisi: mistari minane ya wima hupewa herufi, kuanzia a hadi h kutoka kushoto kwa mchezaji mwenye kete nyeupe, na safu nane za mlalo hupewa tarakimu, kuanzia 1 iliyo karibu naye hadi 8 iliyo mbele ya mpinzani wake, hivyo kila mraba hutajwa kwa herufi na tarakimu yake. Hatua kumi hadi kumi na tano za mwanzo, ambamo kila upande hutoa kete zake kutoka safu ya nyuma na kumtafutia mfalme mahali pa salama, huitwa ufunguzi, na karibu kila ufunguzi unaojulikana ni jibu fulani kwa swali la nani ataitawala ile miraba minne na kwa njia gani. Swali hilo lina uzito wa pekee katika mchezo wa nafasi, yaani namna ya kucheza ambayo mchezaji hakimbilii kumfunga mfalme wa mpinzani wala hategemei mitego ya papo kwa papo, ila hujenga taratibu mpangilio wa kete utakaomfaa muda mrefu baadaye, hata kama kwa wakati huo hakuna faida inayoonekana kwa macho.

Sababu ya kwanza ya thamani ya katikati ni ya hesabu, na ni vema kuanza nayo kwa kuwa ndiyo pekee isiyobadilika kwa matakwa ya mwandishi wala ya zama. Farasi akisimama kwenye kona ya ubao hufikia miraba miwili tu, akisimama ukingoni hufikia mitatu au minne, lakini akisimama e4 au d5 hufikia minane. Askofu, anayekwenda kwa mshazari, huona miraba saba akiwa ukingoni mwa ubao mtupu na kumi na mitatu akiwa katikati. Malkia hupanda kutoka 21 hadi 27. Na mfalme naye hupanda kutoka mitatu hadi minane, ingawa katika ufunguzi hakuna mchezaji mwenye busara anayemtembeza mfalme wake huko. Kete inayokwenda kinyume na wenzake ni ngome, ambayo katika ubao mtupu hufikia miraba 14 popote inapowekwa, na ndiyo maana wachezaji huitafutia mstari ulio wazi badala ya kuisukuma katikati mapema.

Sababu ya pili ni mwendo. Kete inayohama kutoka upande wa malkia, yaani nusu ya kushoto ya ubao, kwenda upande wa mfalme, yaani nusu ya kulia, mara nyingi hulazimika kupitia katikati au kandokando yake, kwa hiyo mchezaji aliyeishika sehemu hiyo huweza kuhamisha majeshi yake kwa hatua chache, ilhali mpinzani wake huzunguka kwa nyuma akipoteza zamu. Zamu ndiyo fedha ya ufunguzi. Mchezaji anayehitaji hatua tatu kufika mahali ambapo mwenzake anafika kwa moja atakuta, shambulio linapoanza, kwamba walinzi wake wengi wako upande usiohitajika. Sababu ya tatu huwahusu askari, ile kete ndogo ya mbele ambayo huenda mbele tu na haiwezi kurudi nyuma: askari aliyesimama e4 hutishia kula kinachosimama d5 na f5, hivyo huzifukuza kete kubwa za mpinzani kutoka miraba bora, kwa kuwa hakuna anayependa kubadilishana farasi kwa askari. Ukweli kwamba askari harudi nyuma unapaswa kukumbukwa, kwani ndimo ulimofichwa mzozo wote utakaoelezwa hapa.

Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo wa mchezo. Katika sataranji iliyochezwa Baghdad katika karne ya 9 na ya 10, enzi za mabingwa kama al-Adli na as-Suli, kete iliyo mahali pa malkia wa leo ilikuwa waziri aliyekwenda mraba mmoja tu kwa mshazari, na kete iliyo mahali pa askofu ilikuwa tembo aliyeruka mraba wa pili kwa mshazari bila kuweza kusimama katika ule wa kwanza. Kwa kuwa majeshi yalikwenda polepole, wachezaji waliweza kupanga askari na kete zao katika mpangilio waliouchagua kabla ya kugusana na adui, na mipangilio hiyo, iliyoitwa tabia kwa maana ya safu ya vita, ilipewa majina na kufanyiwa uchambuzi. Mwishoni mwa karne ya 15, huko kusini mwa Ulaya, malkia na askofu walipewa mwendo mrefu walio nao leo, na mchezo ukabadilika ghafla, kwa sababu kete ziliweza sasa kumfikia mfalme ndani ya hatua chache iwapo mistari na mishazari ya katikati ilifunguka. Kitabu cha Mhispania Lucena, kilichochapwa Salamanca mwaka 1497, kinaonyesha kipindi hicho cha mpito kwa uwazi, kwani ndani yake kanuni za kale na kanuni mpya zimewekwa pamoja. Inaweza kusemwa kwamba katikati ya ubao ilizaliwa upya pamoja na malkia.

Mfano unaofaa kuanzia ni ufunguzi wa Kiitalia, ambao ulichambuliwa na Gioachino Greco mwanzoni mwa karne ya 17 na bado huchezwa na mabingwa wa leo. Upande wenye kete nyeupe, utakaoitwa hapa Nyeupe kwa kifupi, huanza kwa kumsogeza askari wa mbele ya mfalme hadi e4, nao upande mweusi hujibu kwa kumsogeza wa kwake hadi e5. Farasi wa Nyeupe hutoka hadi f3 akimtishia askari huyo, farasi wa Nyeusi hutoka hadi c6 akimlinda, kisha maaskofu wa pande zote mbili hutoka hadi c4 na c5. Nyeupe sasa humsogeza askari mdogo hatua moja hadi c3, hatua inayoonekana ya upole lakini yenye nia kubwa: inaandaa kumpeleka askari mwingine d4, na akiliwa hapo, askari wa c3 atamla mlaji na kuchukua nafasi yake. Nyeusi humtoa farasi wa pili f6, Nyeupe husukuma d4, askari wanalana, na Nyeupe hubaki na askari wawili bega kwa bega, e4 na d4, mpangilio ambao vitabu vya zamani viliuona kuwa ndio ukamilifu wenyewe.

Yanayofuata ndiyo yanayofundisha. Nyeusi ikimrudisha askofu wake b6 kwa woga, Nyeupe humsukuma askari wa d4 hadi d5 na kumfukuza farasi mmoja, kisha humsukuma wa e4 hadi e5 na kumfukuza wa pili, na ndani ya hatua chache kete za Nyeusi zinatawanyika bila kazi, huku askari wawili wakisonga mbele kama jembe. Lakini Nyeusi ikimpeleka askofu huyohuyo b4, akimshambulia mfalme, Nyeupe hulazimika kujikinga kwa kuweka askofu d2, maaskofu wanabadilishana, na Nyeusi, ikiwa imeiba zamu moja tu, hupiga pigo la d5 katikati ya ule ukuta. Askari wa e4 hana budi kula, farasi wa Nyeusi anakula naye na kukaa d5 kwa raha, na wa d4 anabaki peke yake bila jirani wa kumlinda, akihitaji kulindwa na kete kubwa kwa muda wote uliobaki. Katikati ileile, yenye askari walewale, imekuwa silaha katika mstari mmoja na deni katika mwingine, na tofauti kati ya hali hizo mbili ni zamu moja.

Mfaransa François-André Danican Philidor, ambaye pia alikuwa mtunzi mashuhuri wa opera, alikuwa mwandishi wa kwanza kuweka fundisho zima juu ya jambo hilo. Katika kitabu chake kilichotoka London mwaka 1749, aliwatukuza askari kuwa ndio roho ya mchezo, akafundisha kwamba mpangilio wao ndio unaoamua shambulio na ulinzi, na kwamba askari wa katikati wanapaswa kusukumwa mbele wakisaidiana. Kizazi kilichofuata hakikumsikiliza sana. Nusu ya kwanza ya karne ya 19, na hata baadaye, wachezaji wa Ulaya walipenda gambiti, yaani ufunguzi ambamo askari hutolewa kafara ili kupata kasi, na michezo yao bado husomwa kwa furaha, ingawa sehemu ya furaha hiyo hutokana na ulinzi dhaifu wa waliofungwa. Mmarekani Paul Morphy alisimama tofauti. Katika mchezo wake maarufu wa mwaka 1858 kwenye jumba la opera la Paris, dhidi ya Duke wa Brunswick na Count Isouard waliocheza kwa kushauriana, alishinda kwa hatua 17, na ushindi huo ulitokana na kutoa kete zote haraka, kufungua mstari wa d, na kumkuta mfalme mweusi bado amekaa katikati. Wilhelm Steinitz, mzaliwa wa Prague aliyekuwa bingwa wa dunia kuanzia 1886 hadi 1894, aligeuza uzoefu wa namna hiyo kuwa nadharia: shambulio hufaulu pale tu uwiano wa nafasi ulipokwisha kuvunjika, na uwiano huo huvunjwa kwa faida ndogondogo zinazokusanywa, mojawapo ikiwa ni katikati.

Aliyezisambaza fikra za Steinitz kwa umma, na kwa kufanya hivyo akazikausha kidogo, alikuwa daktari wa tiba Siegbert Tarrasch, aliyefanya kazi yake ya uganga na ya uandishi mjini Nuremberg. Vitabu vyake, hasa kile cha michezo mia tatu kilichotoka 1895, vilifundisha kwa lugha ya amri: wakalishe askari katikati, toa kete mapema, shika nafasi pana, wala usimweke farasi ukingoni. Kwa Tarrasch, mchezaji aliyeachia askari wake wa katikati aliwe bila kumrudisha mwingine mahali pake alikuwa ameitoa katikati yenyewe. Wakosoaji wa baadaye walimcheka kwa ukali wake, lakini walimcheka baada ya kusoma kwake, na mwanafunzi wa leo akizishika amri hizo tu bila kuongeza kitu, atawashinda wengi wanaocheza kwa kubahatisha.

Upinzani ulitoka kwa Aron Nimzowitsch, aliyezaliwa Riga mwaka 1886 na kufia Copenhagen 1935, mtu mwenye kiburi kisichopungua kile cha Tarrasch na ambaye chuki yake kwa daktari huyo ilizaa fikra nyingi nzuri. Hoja yake ya msingi ilikuwa kwamba kuitawala katikati na kuijaza askari ni mambo mawili tofauti. Askari ni kete inayofaa kukaa katikati, alikubali, kwa sababu ni imara. Lakini kinachotafutwa ni kuizuia katikati ya mpinzani isisogee na kuitumia miraba yake kwa kete zako mwenyewe, na kazi hiyo inaweza kufanywa na farasi, askofu au ngome vilevile. Aliichapisha changamoto yake kwa mafundisho ya Tarrasch mwaka 1913, na kuikamilisha katika kitabu alichokiita mfumo wake, kilichoanza kutoka mwaka 1925 na ambacho hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya sataranji vinavyosomwa zaidi duniani.

Ushahidi wake bora, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kutolewa ubaoni mwaka 1911 katika mashindano ya Karlsbad, alipocheza na Georg Salwe. Ufunguzi ulikuwa ulinzi wa Kifaransa, ambamo Nyeusi hujibu e4 kwa hatua fupi ya e6 ili kupiga d5 katika hatua inayofuata. Nimzowitsch alimsukuma askari wake mbele hadi e5, akawa na mnyororo wa askari, yaani askari waliopangana kwa mshazari wakilindana, mmoja d4 na mwingine e5, na Salwe akaanza kuushambulia mnyororo huo kwenye shina lake kwa askari wa c5. Mafundisho ya wakati huo yalimtaka Nyeupe aushikilie mnyororo kwa gharama yoyote. Katika hatua ya saba Nimzowitsch alifanya kinyume: alimtumia askari wa d4 kumla wa c5, akijua fika kwamba ataliwa naye, na hatua chache baadaye akaacha askari wa e5 aliwe pia. Katikati haikuwa tena na askari hata mmoja wa Nyeupe, na mtu anayehesabu askari tu angesema kwamba Salwe, mwenye askari wawili e6 na d5, ndiye aliyeishinda hoja. Lakini askofu wa Nimzowitsch aliingia e5, kisha akahamia d4 na kumwachia farasi mraba huo wa e5, na kete hizo mbili zikakaa kwenye miraba ambayo askari wa Salwe walitakiwa kupita. Askari wasioweza kusonga wakawa ukuta unaowaziba wenyewe. Askofu wa Salwe aliyekuwa nyuma yao hakuwa na mshazari wa maana, na Nyeupe ikashinda kwa utulivu. Kitendo hicho cha kuweka kete mbele ya askari wa adui ili asisogee Nimzowitsch alikiita kizuizi, na aliona farasi kuwa kete inayokifanya vizuri kuliko zote, kwa kuwa huendelea kushambulia kwa kuruka hata akiwa amekaa.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, fikra hizo ziligeuka kuwa vuguvugu, likiwa na watu kama Richard Réti, Gyula Breyer, Ernst Grünfeld na Savielly Tartakower, ambaye ndiye aliyelipa jina la usasa uliopindukia. Chombo chao kipenzi kilikuwa fianketo: askari wa b au wa g husogezwa hatua moja, na askofu huwekwa nyuma yake, b2 au g2 kwa Nyeupe, b7 au g7 kwa Nyeusi, akiutazama mshazari mrefu unaopita katikati kutoka pembe hadi pembe. Askofu huyo haikalii katikati, lakini anaipiga kwa mbali na hawezi kufukuzwa kirahisi na askari. Alexander Alekhine alikwenda mbali zaidi mjini Budapest mwaka 1921 alipoijibu e4 kwa kumtoa farasi f6, akimwalika askari wa Nyeupe amfukuze. Nyeupe ikikubali mwaliko kwa pupa, farasi hukimbia d5 kisha b6, na ndani ya hatua tano Nyeupe hupata askari wanne, c4, d4, e5 na f4, bila kutoa kete nyingine hata moja. Wachezaji wengine huuona ukuta huo na kutetemeka; Alekhine aliuona kuwa mzigo usioweza kurudi nyuma, unaohitaji kulindwa kila upande. Ulinzi ulioanzishwa na Grünfeld mwaka 1922 una mantiki hiyohiyo, kwani Nyeusi huiachia Nyeupe ijenge e4 na d4 kwa nguvu ya askari wa c3, kisha humwelekeza askofu wa g7, askari wa c5 na farasi wa c6 wote kwenye mraba mmoja, d4.

Mchezo uliowalazimisha wenye shaka kutafakari ulichezwa New York mwezi Machi 1924, Réti akiwa na kete nyeupe na José Raúl Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia, akiwa na nyeusi. Capablanca hakuwa amefungwa katika mashindano tangu 1916. Réti alianza kwa farasi f3, akafuata na askari c4 wa kuutishia mraba wa d5 kutoka pembeni, kisha akamsogeza wa b hadi b4, na maaskofu wake wote wawili akawaweka kwenye fianketo, b2 na g2. Hadi hatua ya kumi na tano askari wake wa d na wa e walikuwa bado nyuma, d3 na e3, na Capablanca, ambaye mchezo wake ulijengwa juu ya usahili, alikuwa ameweka askari e5 kama kanuni ilivyotaka. Hatua ya kumi na sita ndiyo iliyofichua mpango: Réti alisukuma d4, na kwa kuwa kete zake zote zilikuwa tayari zimeelekezwa huko, kila ubadilishanaji wa askari ulifungua njia kwa kete nyeupe. Askari wa e5 na wa c5 wa Nyeusi wakatoweka, ngome nyeupe ikaingia d6, ya pili ikapangwa nyuma yake kwenye mstari wa d, farasi mmoja akaruka d4 na baadaye c6, na katika hatua ya 31 ile ngome ya pili ilipanda d5, ikasimama katikati kabisa ya ubao na kumtishia malkia wa Capablanca, ambaye hakuwa na pa kukimbilia bila hasara. Bingwa akasalimu amri. Réti alikuwa ameichelewesha katikati kwa hatua kumi na tano na kuikalia mwishowe kwa kete, wakati hakuna tena askari wa kuzifukuza.

Mtu anayetaka kuutumia mjadala huu ubaoni atafaidika zaidi kwa kutazama hali ya katikati kuliko kukariri majina ya fani na shule. Katikati iliyo wazi, ambayo askari wake wameliwa, huzawadia kasi na humwadhibu aliyechelewa kumtoa mfalme wake katikati. Katikati iliyofungwa, ambayo askari wa pande mbili wamegongana vichwa na kukwama, huruhusu mashambulizi ya pembeni, kwa kuwa hakuna pigo la kuogopwa kutoka katikati. Katika ulinzi wa Kihindi wa Mfalme, kwa mfano, Nyeupe ikisukuma hadi d5 dhidi ya askari wa e5 na d6, kawaida Nyeupe huendea c5 upande wa malkia nayo Nyeusi huendea f5 upande wa mfalme, na mchezo hugeuka mbio za nani atafika kwanza. Kanuni ya zamani kwamba shambulio la pembeni hujibiwa kwa pigo la katikati haina nguvu hapo, lakini hurudi na nguvu zake zote mara katikati inapolegea. Ulinzi wa Kisisilia, ambao ndio jibu la e4 linalopendwa zaidi na mabingwa, una hesabu yake ya kibiashara: Nyeusi hutoa askari wa pembeni wa c kwa kumla askari wa d wa Nyeupe, hivyo hubaki na askari wawili wa katikati dhidi ya mmoja, na hulipa kwa kuchelewa kutoa kete. Mchezaji wa Nyeupe asiyeutumia muda huo kushambulia atajikuta, hatua ishirini baadaye, akiwakabili askari wale wawili wakisonga.

Programu za kompyuta zimeongeza ushahidi bila kuufunga mjadala. AlphaZero, iliyotengenezwa na kampuni ya DeepMind ya London na kutangazwa mwaka 2017, ilipewa kanuni za mchezo tu na kujifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, na bado ilifikia funguzi ambazo binadamu walikwisha kuzivumbua, ikiwemo gambiti ya Malkia, ambamo Nyeupe huwaweka askari d4 na c4 ili kumvuta askari wa d5 kutoka katikati. Wakati huohuo, michezo yake ilionyesha ukarimu wa kutoa askari ili kuzifungia kete za mpinzani mahali zisipoweza kutoka, jambo ambalo Nimzowitsch angelidai kuwa lake.

Lililobaki na ugumu wake ni suala la askari mpweke wa d, yule ambaye hana jirani wa c wala wa e wa kumlinda. Tarrasch, anayedhaniwa na wengi kuwa mtu wa kanuni kavu, aliupenda udhaifu huo na kuupigania: ulinzi unaobeba jina lake, ambamo Nyeusi hujibu gambiti ya Malkia kwa e6 na baadaye c5, hukubali kwa hiari kubaki na askari mpweke wa d5, kwa sababu askari huyo huzipa kete njia pana na miraba ya kusimama e4 na c4. Nimzowitsch alishauri azuiwe kwa farasi, kete zibadilishanwe, na mwisho wa mchezo aliwe. Boris Spassky aliutumia ulinzi huo katika mechi ya 1969 aliyomnyang'anya Tigran Petrosian ubingwa wa dunia. Garry Kasparov aliuchukua dhidi ya Anatoly Karpov mwaka 1984, akafungwa nao katika mchezo wa saba na wa tisa, naye akauacha. Walipokutana tena mwaka 1986, Kasparov aliuchagua ulinzi wa Grünfeld, ambao humwachia mpinzani katikati nzima. Karpov alimfunga humo pia zaidi ya mara moja, lakini Kasparov alibaki na taji kwa pointi 12½ kwa 11½, na aliendelea kuucheza katika mechi zao za 1987 na 1990.